Barua ya wazi: Mheshimiwa, tunaomba ufunguo wa ukumbi

Kamwene, Mheshimiwa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizozileta ofisini kwa mkono wangu, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa, hazijajibiwa hadi leo. Sikutaka tufike huku. Lakini baada ya yaliyotokea Jumamosi iliyopita, siwezi tena kuwaambia vijana wangu wa maigizo wasubiri.

Jumamosi saa nane mchana tulifika ukumbini kuonyesha igizo letu jipya, vijana 22, mimi, na wazazi waliokuja kutazama. Tulikuwa tumekubaliwa kwa mdomo. Tukakuta kufuli jipya kwenye mlango wetu, na kwa dirishani tukaona wapambaji wakifunga vitambaa vya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mzee anayelinda pale ametuzoea, zamani aliketi nyuma kutazama mazoezi yetu. Safari hii hakuweza kunitazama usoni. Alisema tu, "Mwalimu, nimeambiwa." Aliyemwambia hakumtaja.

Mvua ikaanza. Tukajibanza barazani. Kulikuwa na bibi mmoja aliyetoka Kilolo kwa gari la asubuhi kuja kumwona mjukuu wake akiigiza, kikapu cha magimbi ya kuchemsha miguuni. Mjukuu akaniomba amchezee bibi yake walau onyesho la kwanza, palepale barazani. Nikamruhusu. Alipofika mahali binti anapomuaga mama yake, ndani wakaanza kujaribu spika za muziki. Bibi akabaki kutazama midomo ya mtoto ikicheza, haambulii neno. Mheshimiwa, nimefanya kazi hii ya maigizo na filamu miaka mingi, na sijawahi kuona aibu kama niliyoiona mbele ya yule bibi.

Naomba nikukumbushe. Mwezi wa saba mwaka jana uliketi safu ya mbele tulipocheza vita vya Lugalo, Wahehe walipowashinda askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891, tukaenda mpaka fuvu la Mkwawa, chifu wao, lilivyorudishwa mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga. Ulisimama ukapiga makofi. Ukapanda jukwaani, ukamshika mkono kijana aliyekuwa Mkwawa, ukasema ukumbi ni wetu kila Jumanne na Alhamisi jioni, bila malipo. Maneno hayo ninayo. Kamera ilikuwa bado inarekodi.

Tuliutumia ukumbi wiki tisa. Kisha tukaandaa igizo jipya, nikaacha nakala ya muswada ofisini. Tangu hapo ufunguo haupatikani. Mara aliye nao yuko safarini, mara kuna ukarabati.

Igizo lenyewe linamhusu binti wa miaka 13 anayetolewa kijijini na mtu anayejiita shangazi, kupelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Hadithi hiyo sikuwapa mimi. Nawafundisha hivi: mmoja anaingia katikati ya duara na kuonyesha, bila kusema neno, jambo aliloliona nyumbani kwao. Siku hiyo wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walionyesha dada anayefunga mzigo alfajiri. Wa nne alipomaliza hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Tukaanza kuandika.

Wapo wanaoniambia sababu ni fedha, kwamba sendofu inalipa na sisi hatulipi. Wengine wanasema dalali wa kwenye igizo, mwenye koti zuri na anayesalimiana na wakubwa, kuna mtu amejiona ndani yake. Mimi naelekea kuamini hili la pili. Mkwawa hakumkera mtu. Kama tatizo ni kibali, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 naifahamu, ndiyo maana nilileta muswada. Na kama tatizo ni ujumbe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Watoto hawa wanasema jukwaani kile ambacho sheria ya nchi imeshakisema.

Tangu Novemba tunafanyia mazoezi sebuleni kwangu, Kihesa. Makochi tunayatoa nje na kuyafunika turubai. Nyumba yangu haina dari. Mvua ikipiga bati, mwigizaji anajifunza kupayuka tu. Kunong'ona hadi mtu wa safu ya mwisho akusikie hakufundishiki pale. Filamu ndiyo kabisa, maikrofoni inanasa bati, mtu hasikiki. Naishi kwa kupiga video za harusi, na Jumamosi hiyo nilikataa kazi ya Mafinga ili nisimamie onyesho. Kodi ya miezi miwili nadaiwa. Mke wangu hajanilaumu hata siku moja kwa makochi yake kuloa, na hilo linaniuma kuliko lawama.

Ofisini niliambiwa niombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, lile fungu la vijana la asilimia 4. Mkopo ule ni wa watu wazima, kuanzia miaka 18. Wanangu hawa wana miaka 13 hadi 17. Anayetaka kusomea sanaa hizi baadaye ataenda chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kule atakutana na wenzake waliokwisha kusimama jukwaani. Wa kwetu asimame wapi?

Naomba barua zangu zijibiwe. Naomba niambiwe nani aliagiza kufuli. Naomba muswada urudishwe na maelezo ya kilichokosewa, kama kipo. Na kama hayo yote ni mazito, Mheshimiwa, yaache. Naomba ufunguo. Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kama ulivyotamka kwa kinywa chako. Tutafagia, tutapanga viti, tutaurudisha kwa mzee mlinzi kabla ya giza. Naomba ufunguo tu.

Jumanne ijayo saa kumi tutakuwa mlangoni. Bibi wa Kilolo amesema naye atakuja, akipata nauli.

Wako,
Mwalimu wa maigizo,
Kihesa, Iringa