Fomula ya kwako mwenyewe kwenye Excel: lini uitake, lini uachane nayo

Faili za mishahara zinazoletwa ofisini kwetu hapa Tabora mjini karibu zote zina ugonjwa mmoja. Safu ya mshahara ghafi iko sawa, safu ya NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) iko sawa, ukifika kwenye PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) unakutana na fomula ndefu kama treni ya Kigoma: IF ndani ya IF ndani ya IF, na mabano yamerundikana mwishoni. Aliyeiandika alishahama kazi. Waliobaki wanaikokota tu kwenda chini na kuomba Mungu.

Tatizo huonekana viwango vinapobadilika. Julai 2021 daraja la kwanza la PAYE, yaani kipato cha mwezi kinachozidi 270,000 hadi 520,000, lilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Mtu anasikia "asilimia moja" anadhani ni kubadilisha namba moja. Sivyo. Ile 22,500 ya daraja linalofuata ikawa 20,000, 70,500 ikawa 68,000, na 130,500 ikawa 128,000. Namba nne, ndani ya kila seli, kwenye shiti ya kila mwezi. Tumeshaona faili lililorekebishwa 0.09 peke yake, zile nyingine tatu zikaachwa. Kila mwenye kipato cha zaidi ya 520,000 alikuwa anakatwa 2,500 ya ziada kila mwezi, na jumla ya chini ilionekana safi kabisa.

Dawa yake ni kuiandika hesabu hiyo mara moja kama fanksheni yako mwenyewe, kuipa jina, kisha kuiita kwa jina hilo kama unavyoita SUM. Kwenye Excel ya kompyuta bonyeza Alt+F11, ingia Insert, chagua Module, halafu andika:

Function PAYE(kipato As Double) As Double
  Select Case kipato
    Case Is > 1000000: PAYE = 128000 + (kipato - 1000000) * 0.3
    Case Is > 760000: PAYE = 68000 + (kipato - 760000) * 0.25
    Case Is > 520000: PAYE = 20000 + (kipato - 520000) * 0.2
    Case Is > 270000: PAYE = (kipato - 270000) * 0.08
    Case Else: PAYE = 0
  End Select
End Function

Rudi kwenye shiti, andika =PAYE(D5), basi. Ila hakikisha D5 ni kipato baada ya kutoa NSSF. Mwalimu wa mshahara wa 700,000 anatoa asilimia 10 ya NSSF, zinabaki 630,000, na PAYE yake ni 42,000. Ukiipa fanksheni ule mshahara ghafi itakujibu 56,000 bila hata kukohoa. Inahesabu ulichoipa, haijui ulichokusudia.

Jina nalo lina mambo yake. Shule nyingi hupenda kuita fanksheni ADA2025. Itagoma, kwa sababu kwenye Excel ADA2025 ni anwani ya seli: safu ADA, mstari wa 2025. Ita ADA_YA_MUHULA, utapona.

Kuna wateja wanaotaka viwango visikae ndani ya msimbo wa programu bali kwenye shiti, ili mhasibu avibadilishe mwenyewe bila kutuita. Tunakubaliana nao, tena tunawashauri hivyo. Lakini hapo fanksheni huandikwa upya, na seli zenye viwango lazima zitajwe ndani ya mabano, mfano =PAYE(D5,$H$2:$J$6). Fanksheni ikienda kuvichungulia kimyakimya bila kutajiwa, Excel haitajua kwamba inavitegemea. Utabadilisha kiwango, majibu ya zamani yatabaki palepale, nawe utaapa kwamba kompyuta ina mdudu.

Ombi lingine linalorudi kila mara: "Nataka nikiandika malipo hapa, fanksheni iniwekee tarehe kwenye seli ya pembeni." Haiwezekani. Fanksheni ya kwenye seli inarudisha jibu pale ilipoandikwa, haigusi seli ya jirani, iwe Excel au Google Sheets. Kazi hiyo inafanywa na makro (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya faili) ya aina nyingine, na bei yake ni nyingine.

Sasa upande wa kusema hapana. Kiongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya tumbaku akija na madaraja yake, kila daraja na bei yake, hatumwandikii fanksheni. Anahitaji jedwali la bei na VLOOKUP (fomula ya kutafuta kwenye jedwali) yenye 0 mwishoni, ili daraja lisilokuwepo lilete kosa badala ya kuokota bei ya jirani. Mfanyabiashara wa asali anayenunua kwa ndoo ya lita 20 na kuuza kwa kilo naye ni hivyohivyo. Ndoo ya asali nzuri ina kama kilo 28, kwa hiyo ni kuzidisha tu. Na ni afadhali apime kila ndoo kwenye mizani aandike uzito halisi, maana asali iliyotiwa maji ni nyepesi na hakuna fomula itakayoligundua hilo kwa kukadiria.

Kabla hujatuagiza, tuambie faili litafunguliwa wapi. Fanksheni za VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Excel), kama hiyo ya juu, hazifanyi kazi kwenye Excel ya simu. Faili lazima lihifadhiwe kama .xlsm, ukilihifadhi .xlsx msimbo wote unaondoka na seli zinaanza kuonyesha #NAME?. Likitumwa kwa barua pepe, tangu 2022 Microsoft inazuia makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni, hivyo anayelipokea abofye kitufe cha kulia, aingie Properties, aweke tiki kwenye Unblock. Afanye hivyo kwa faili la mtu anayemjua tu.

LAMBDA, njia ya kutengeneza fanksheni yako kwa fomula tupu, ni safi zaidi kwa sababu haihitaji makro, ila Excel 2016 na 2019 hazina, na kompyuta nyingi tunazozikuta maofisini hapa ni za umri huo. Google Sheets ina fanksheni zenye majina tangu 2022, zinapatikana kwenye menyu ya Data, na kwa wanaofanya kazi wengi kwenye faili moja ndiyo tunayoipendekeza. Ukienda njia ya Apps Script, yaani kuandika programu ndani ya Google Sheets, kila fanksheni inakwenda kuhesabiwa kwenye seva na ina sekunde 30 tu za kumaliza. Intaneti ikiwa ya kusuasua, seli mia tano zikiita kila moja kwa wakati wake, utakaa unatazama Loading. Tunaiandika ipokee safu nzima kwa mkupuo mmoja.

Ukija, njoo na faili lenyewe, majina ya wafanyakazi yakiwa yamefutwa, pamoja na mistari mitatu au minne uliyoihesabu kwa mkono na kuthibitisha. Tunapima fanksheni kwa mistari hiyo mbele yako kabla ya kupokea hela.