Sahani ikinyamaza, shuku seli kwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa wenzako wa maabara. Nimeisoma barua yako kuhusu kipimo chako cha ELISPOT, ambamo kila seli T (seli ya kinga) inayotoa intaferoni gama, kemikali ya kinga, huacha doa: sahani ya vishimo 96 haikutoa hata doa moja kwa protini pp65 ya virusi vya CMV (sitomegalovirusi). Usiandike bado kwamba wachangiaji damu hawana kinga. Watu wazima wa Afrika Mashariki karibu wote wamekwisha kuambukizwa CMV, wengi tangu utotoni. Sahani nzima ikinyamaza, shuku seli kabla ya kuwashuku wenye damu.

Tazama kwanza vishimo vya PHA, kichocheo cha jumla, kwa kuwa hiyo huamsha seli T bila kujali virusi gani. Navyo vikiwa vitupu, kasoro iko kwenye seli au kwenye kingamwili za kunasia intaferoni gama. Damu ilikaa kwenye friji? Wengi huiharibu hapo kwa nia njema. Damu yenye heparini, dawa ya kuizuia isigande, hukaa kwenye joto la chumba, na itenganishwe ndani ya saa 8. Ikipoa au kucheleweshwa, nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, huwa nyepesi, huelea hadi kwenye tabaka la limfosaiti (seli nyeupe zikiwemo seli T) na kudumaza seli T. Izungushe damu kwenye mashine ya kutenganishia kwa 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Seli zilizogandishwa kwenye naitrojeni, ukishaziyeyusha, zilaze inkubeta usiku kucha ndipo uhesabu, kisha weka zilizo hai 200,000 kila kishimo.

PHA ikijibu na pp65 ikanyamaza, geukia peptidi, yaani vipande vifupi vya protini hiyo. Umetaja NLVPMVATV peke yake. Hicho ni kipande cha asidi amino 9, namba 495 hadi 503, na hushikwa na HLA-A*02:01, aina mojawapo ya molekuli zinazoonyesha vipande vya virusi kwa seli T, ambazo hutofautiana kati ya watu. Asiye na aina hiyo hatakijibu, hata akiwa na seli T tele za pp65. Tumia mchanganyiko wa protini nzima: peptidi 138 za asidi amino 15, kila moja ikirudia 11 za iliyotangulia, mikrogramu 1 ya kila peptidi kwa mililita. Chunga tu DMSO, kiyeyushi cha peptidi, isivuke asilimia 0.5, maana huua seli. Vishimo vya kulinganishia navyo vipewe kiasi kilekile, bila peptidi.

Sahani ikishaingia inkubeta isiguswe kwa saa 18 hadi 24. Ukiisogeza ili uchungulie, seli huhama huku zikitoa intaferoni, na madoa huota mikia.

Nitumie picha ya vishimo vya PHA kwanza, vingine visubiri.

Wako katika kazi.