Kwa vijana wetu wa Maskati mnaojivunia mafuta

Wanangu na wajukuu zangu mnaozungumza Kiswahili cha mama zenu huko Maskati, Sur na Ibra,

Assalaam alaykum.

Juzi harusini nilisikia neno ambalo mpaka leo limenikaa kifuani. Kijana wetu mmoja, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, alimfokea binti wa kazi kwa sababu chai imepoa. Binti mwenyewe ni wa Tanga. Kisha akawageukia wenzake, akasema kwa Kiswahili ili binti asikie vizuri: "Hawa kwao wana nini? Sisi tuna mafuta." Wenzake wakacheka. Wazee waliokuwa karibu wakaendelea na halwa yao. Namwandikia yeye, na waliocheka, na wazee wa halwa wasidhani wamesalimika.

Mafuta, bwana mdogo? Shehena ya kwanza iliondoka bandari ya Mina al Fahal mwaka 1967. Wapo watu wazima leo ambao ni wakubwa kuliko utajiri huo unaojitapia. Omani ilikuwa ikipeleka shaba Mesopotamia zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na ubani wa Dhofar, kusini mwa nchi, ukifukizwa katika mahekalu ya Warumi. Mitende ya Nizwa ilinyweshwa na falaj, yaani mfereji wa maji wa mji, na kila mtu alijua zamu yake ya maji. Watu waliishi hapa kabla ya pipa la kwanza, lakini waliishi kwa dhiki, na dhiki hiyo ndiyo msiyohadithiwa.

Baba yangu alitoka Ibra, akapandia jahazi Sur wakati wa kaskazi, akashuka Unguja hana kitu. Alilala juu ya magunia katika kiduka cha mtu huko shamba. Kiswahili hakukijua; walimfunza wanawake waliokuja kununua mafuta ya taa, huku wakimcheka matamshi yake. Aliposhikwa na homa, aliyempikia uji ni jirani yake, mkwezi wa minazi. Na hakuwa peke yake. Watu wa Sharqiya, mashariki ya Omani, walihama hivyo hivyo kwa ukame na umaskini, wakaenea Unguja, Pemba, bara, mpaka Burundi. Wengine walikwenda Kuwait, Bahrain na Dammam kufanya vibarua, wakiamrishwa na watu waliowaona washamba wasio na kwao. Basi ilikuwa zamu yetu kuulizwa kwetu tuna nini.

Wala msinitolee fahari ya Sayyid Said, Sultani wa Omani wa karne ya kumi na tisa. Ni kweli alihamishia makao yake Unguja na karafuu zikastawi. Zilipandwa na kuchumwa na watumwa. Hilo mlielezwa nyumbani? Hamkuelezwa. Wazazi wenu huanza hadithi na Mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, tulipouawa na kufukuzwa, na tuliuawa kweli, Mungu awarehemu. Lakini mtu anayeanza hadithi siku aliyoonewa yeye tu, hiyo si historia, ni mashtaka.

Na mnajua baada ya hapo? Wengi hawakupokewa hata Omani. Sultan Said bin Taimur hakuwataka, wakabaki Dubai, Kuwait na Cairo wakingoja, mpaka mwaka 1970 Sultan Qaboos alipomwondoa baba yake na kuwaita walio nje warudi. Nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na kilomita kama 10 za lami. Waliosoma Unguja wakaajiriwa ofisini, polisi na katika kampuni ya mafuta. Tuliajiriwa kwa elimu tuliyoipata Afrika, kijana. Halafu leo binti wa Tanga anaulizwa kwao wana nini!

Hayo mafuta nayo yalikuja na damu. Kampuni ilitaka kuchimba Fahud, huko jangwani, ikagharimia kikosi cha askari, na Sultani Said bin Taimur akaingia Nizwa mwaka 1955 kwenye himaya ya Imamu aliyetawala Omani ya ndani. Vita vya Jebel Akhdar vikaendelea mpaka 1959, ndege za Waingereza zikipiga mabomu vijiji. Tanuf ilibomolewa, mnakwenda kupiga picha kwenye magofu yake mkinywa maji ya chupa yenye jina lake. Na kisima cha kwanza cha Fahud kilitoka kikavu! Wabia kadhaa wa kampuni wakajitoa mwaka 1960, mafuta yakapatikana Yibal miaka miwili baadaye. Vita vya Dhofar vilifuata, vikachukua miaka kumi.

Sasa hesabu. Mafuta yetu ni magumu kutoa, mengine mpaka visima visukumiwe mvuke. Omani haijawahi kuwa na kiasi cha Saudia au Kuwait. Bei ilipoporomoka 2014, na tena 2020, mliona. Kodi ya bidhaa ya asilimia 5 ilikuja 2021. Kodi ya mapato itaanza 2028 kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Vijana wa Sohar waliingia barabarani 2011 kudai kazi, na tena 2021. Hawa wote wana mafuta, kama wewe.

Kwa hiyo: jifunzeni kazi ya mikono. Msikopee harusi. Msikopee gari. Msishike pasipoti ya mtumishi. Mlipeni kabla jasho halijamkauka, kama alivyotuagiza Mtume wetu. Na nyinyi mawakala wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala mnaosafirisha mabinti kwa mikataba wasiyoweza kuisoma, pamoja na serikali zinazowatazama, hesabu yenu iko njiani.

Mwenye kutaka kubishana aje nyumbani baada ya Isha. Kahawa ipo, nitamimina mwenyewe. Simu ziachwe garini.