Mjomba, kumbe Vijay alikufa

Shikamoo mjomba.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu utanikatia, na nikija kwako utaanza kuniuliza habari za watoto. Miaka yote umetuambia steringi hafi. Juzi nimeitazama ile sinema ya Kihindi, Deewaar, mwanzo hadi mwisho, mara ya kwanza tangu nizaliwe, maandishi ya tafsiri yakipita chini. Vijay, steringi wako, anakufa, mjomba. Anakufa hekaluni, mapajani kwa mama yake, kwa risasi ya mdogo wake.

Sisi wa pale mkekani tulijua mengine. Ukifika kwenye ule usiku wa mwisho ulikuwa unainuka, unaizima deki, unasema kaseti imekwaruzika huko mbele. Halafu unatumalizia kwa mdomo: Vijay akaruka kwenye boti, huyoo, Dubai. Nilibishana kwa ajili ya boti hiyo shuleni hadi nikachaniwa shati.

Lakini mwanzo ulitusimulia sawa, hilo nakupa. Baba, kiongozi wa wafanyakazi, anatekewa familia, anatia saini mkataba wa kuwasaliti wenzake, kisha anapotea. Wenye hasira wanamkamata Vijay, bado mtoto, na kumchanja mkononi maneno "baba yangu ni mwizi". Mama anakimbilia Bombay na wanawe wawili, anabeba matofali kichwani. Vijay anapiga viatu rangi ili Ravi asome. Tajiri anamrushia sarafu chini, mtoto haiokoti: hasemi sana, anataka apewe mkononi kama mtu. Hapo ndipo ulipokuwa ukigonga meza.

Nilikuwa sijui kwa nini ulipenda sana ile sehemu ya bandarini. Nilikuwa mtoto, sikuunganisha kwamba wewe mwenyewe ulikuwa kuli. Wale wahuni wanaokusanya fungu lao siku ya mshahara, wewe ulikuwa huwatazami kwenye runinga, ulikuwa unawafahamu. Vijay anawangoja ghalani kwao, miguu juu ya kiti, anafunga mlango kwa kufuli, anamrushia mkubwa wao ufunguo autie mfukoni, atautoa humo mwenyewe. Ulikuwa unairudisha nyuma mara tatu, na mama anafoka umeme unaisha.

Na ile beji yake ya ukuli, namba 786! Rahim Chacha, mzee wa pale bandarini, anamweleza kwamba kwa Waislamu ni namba ya baraka, na yule Vijay asiyetia mguu hekaluni anaivaa kama roho yake. Nyumba nzima ilikuwa inasema "Bismillahi" kwa pamoja. Mwishoni beji inamponyoka mkononi. Hilo nalo hukutuonyesha.

Kuna kingine ulikipeleka mbio, nacho ndicho kimeninyima usingizi. Ravi, polisi mpya, anampiga risasi kijana anayekimbia, kumbe ameiba mkate. Anawapelekea wazazi chakula. Mama wa kijana anamwakia: wakubwa wanaiba mamilioni hamuwagusi. Baba, mwalimu mstaafu, anasema wizi ni wizi, uwe wa mkate au wa laki. Ravi anatoka pale na kulichukua jalada la kaka yake, ambaye sasa ni mtu wa magendo. Wewe ulikuwa unasema "hapa hakuna kitu, twende kwenye ngumi." Mjomba, sinema yote imekaa pale kwenye kile chumba.

Sasa lile neno la chini ya daraja, ambalo hadi wauza maji walikuwa wanalijua. Vijay anajitapa majumba, gari, pesa benki, wewe una nini? Ravi anajibu, "Mere paas maa hai." Ninaye mama. Ulituambia mama alimchagua Ravi. Siyo hivyo. Mama anampenda zaidi Vijay, na anasema wazi. Anaondoka kwa Vijay akimwambia hajatajirika kiasi cha kumnunua mama yake. Halafu anampa Ravi bastola kwa mkono wake, anamwombea mkono usitetemeke, na papo hapo anasema kazi yake imekwisha, sasa mama anakwenda kumngoja mwanawe. Akaenda hekaluni kumngoja. Nililia, na mke wangu akawa ananicheka.

(Utapenda hii: Shashi Kapoor, huyo "mdogo", alizaliwa 1938, na Amitabh Bachchan, huyo Vijay, 1942. Nirupa Roy, mama yao, alimzidi Amitabh miaka 11 tu. Na tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa Shashi. Amitabh akatoka mikono mitupu na hadi leo watu wanaigiza sauti yake.)

Sikulaumu sana. Salim na Javed waliandika, Yash Chopra akaongoza, 1975, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na watoto saba mkekani wanaomngoja Vijay aokoke.

Nakuja Idi. Nitakuwa nayo kwenye flashi, picha safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Rimoti nitashika mimi.