Nia Haionekani kwa Macho

Kibokoni, Mombasa

Swahibu yangu,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, ila joto halitupi nafasi. Nimeona heri nikuandikie, maana neno lako la juzi halimaliziki kwa simu.

Wasema mwalimu wenu ameshika kwamba saikolojia ishughulikie tabia tu, kinachoonekana na kupimika. Ndivyo alivyodai John Watson, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1913, na simlaumu. Tangu Wundt, mwanasaikolojia wa Kijerumani, afungue maabara yake Leipzig mwaka 1879, wataalamu walikuwa wakijichungulia nafsi na kusimulia walichokikuta. Huyu akisema hapana fikira isiyo na taswira, yaani picha akilini, yule akisema ipo, na hapakuwa na wa kuwaamua. Watson alichoka nao.

Lakini chukua mchana wa Ramadhani. Watu wawili wameketi barazani tangu asubuhi, hawajala wala kunywa. Mmoja amefunga, mwengine hana pesa ya chakula. Andika kila wanalofanya, utapata kurasa mbili zinazofanana. Sisi tulifunzwa madrasa tungali wadogo kwamba kinachowatenga ni nia, na nia mahali pake moyoni.

Najua utanijibu: wapelekee sambusa saa tisa, mwenye njaa atakula, mfungaji atakataa, na tofauti imeonekana. Sawa, bwana. Ila nani alikutuma ulete sambusa? Ulikwisha kudhani kuna nia, ndipo ukajua la kujaribu.

Hivyo ndivyo walivyofanya wanasaikolojia Shepard na Metzler mwaka 1971: walidhani kwanza kuna jambo kichwani, kisha wakalijaribu. Waliwaonyesha watu michoro miwili miwili, waseme kama ni umbo moja lililogeuzwa au ni maumbo mbalimbali. Kadiri umbo lilivyogeuzwa zaidi, ndivyo jibu lilivyochelewa, kwa kipimo kilichonyooka kabisa. Kilichopimwa ni muda wa kujibu, tabia tupu; lakini mimi sioni utaueleza vipi muda ule ukikataa kwamba mtu alikuwa akiligeuza umbo kichwani mwake.

Nampa mwalimu wako haki yake kwa jambo moja: maneno ya mtu kuhusu nafsi yake si ushahidi wa kumeza tu. Wanasaikolojia Nisbett na Wilson walieleza mwaka 1977 jinsi watu walivyowekewa jozi 4 za soksi za nailoni, zote sawasawa, wachague iliyo bora. Ya mwisho mkono wa kulia ndiyo iliyopendwa mno. Kuulizwa kwa nini, hakuna aliyetaja mahali ilipokuwa. Kwa hiyo msikilize mtu, kisha umpime.

Ukimwona mwalimu wako darasani, muulize hili. Fomu za kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, humuuliza mgonjwa ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, amewaza kwamba heri angekufa. Mgonjwa huyo pengine anakwenda kazini, anacheka na wenzake, na wazo hilo halionekani. Je, mwalimu angelifuta swali hilo?

Nijibu upesi. Mama anakusalimu.

Wako,
Swahibu wako wa Kibokoni