Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: watoto wanaopindwa shingo na dawa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Ninaandika kutoka Tukuyu, mimi mama wa kijana wa miaka 13 anayetumia dawa za afya ya akili. Ombi langu ni hili: mtoto yeyote mkoani hapa akiandikiwa haloperidoli, klopromazini au sindano ya flufenazini, mzazi aelezwe palepale dirisha la dawa ni madhara gani yanaweza kutokea mwilini, na dawa ya kuyatuliza ipatikane karibu na nyumbani.

Mwanangu alianzishiwa haloperidoli katika kituo ambacho sitakitaja, maana sitafuti mtu wa kuadhibiwa. Siku ya pili jioni shingo ilipinda hadi begani, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, ulimi ukatoka nje. Fahamu alikuwa nazo. Alinisikia nikimwita, akashindwa kujibu. Majirani wakajaa. Huyu anasema pepopunda, yule degedege, bibi mmoja anataka tumpeleke akaombewe. Tulipofika zamu ya usiku, muuguzi aliuliza kwanza, "Anatumia dawa gani?" Akamchoma promethazini, na haikuchukua muda shingo ikalegea.

Swali lile liulizwe kila zahanati, kuanzia Chunya hadi Kyela.

Dawa hizi za akili huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Watoto na vijana, hasa wa kiume, ndio wanaokakamaa zaidi kwa ghafla namna hii, mara nyingi siku chache za mwanzo au dozi ikipandishwa. Mkakamao ukishika koo, mtoto anaweza kukosa pumzi. Hata metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika tunayoifahamu wengi, huleta jambo hilohilo; mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliizuia kabisa kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja.

Lakini linaloniumiza zaidi ni lile lisilojaza majirani uani. Kuna mtoto ambaye dawa humnyima utulivu: hawezi kukaa, anakanyagakanyaga, usiku anazunguka chumbani. Mwalimu anaona utundu. Mzazi anaona ugonjwa umepanda. Daktari naye, kwa nia njema, anaongeza dozi ya dawa ileile inayomtesa. Mtoto mwenye usonji asiyezungumza atamwambia nani?

Wapo pia ambao baada ya miezi au miaka huanza kutafuna bila chakula, kuchezesha midomo na ulimi, na hali hiyo inaweza kubaki hata dawa ikiachwa. Kuigundua mapema hakuhitaji mashine. Kipimo kiitwacho AIMS, kilichotolewa Marekani mwaka 1976, ni cha kutazama tu: mtoto anakaa kwenye kiti, anafungua mdomo, anatoa ulimi, anagusanisha vidole, anasimama, anatembea. Ni dakika chache. Muuguzi wa Busokelo akifundishwa anaweza. Basi karatasi yake iwekwe kwenye faili la kila mtoto, ijazwe kabla ya kuanza dawa na irudiwe kwenye kliniki.

Siombi dawa hizi ziondolewe. Mwanangu amerudi darasani kwa sababu yazo, na kumwachisha mtoto ghafla bila daktari kuna hatari zake. Ila mzazi asiyeambiwa kitu, siku akiona shingo imepinda, atazitupa chooni na hatarudi tena kliniki.

Kwa hiyo benzheksoli, dawa ya kulegeza mkakamao huo, iagizwe pamoja na haloperidoli, isiwe dawa ya kusakwa maduka binafsi mjini. Wahudumu wajaze fomu za TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, za kuripoti madhara ya dawa, hata kama mtoto amepona. Na mzazi apewe karatasi ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili cha kueleweka, yenye dalili, mahali pa kukimbilia na jina la dawa la kumtajia muuguzi. Mkiwaita wazazi kusaidia kuiandika, nitakuja.

Wako,
Mama wa mgonjwa, Tukuyu