Shika Ijumaa kwanza

Maskati, Novemba

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nawe na wote nyumbani natumai mu wazima.

Ratiba ya siku sita za Oman mwezi wa Januari uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Miji imo, pwani imo, jangwa limo. Lakini wakala aliyeipanga amewapeleka Nizwa, mji wa bara, Jumapili, na Wadi Shab, bonde la maji la pwani, Ijumaa, na hapo ndipo alipoiharibu. Huku mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na mnada wa mbuzi wa Nizwa ni Ijumaa asubuhi. Mwambie aishike Ijumaa kwanza, aiweke Nizwa, siku nyingine zifuate: Jumatano Maskati, Alhamisi mpande bara, Jumamosi mlale jangwani, Jumapili mji wa Sur, Jumatatu mrudi kwa njia ya pwani. Mkifanya hivyo Wadi Shab mtaingia Jumatatu, wakati familia za Maskati zimesharudi kazini, na njia nyembamba ya bondeni hamtaipita kwa kusukumana.

Kuhusu gari, chukueni la foo wili, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mchanga. Ya pili ni mlima wa Jabal Akhdar: pale Birkat al-Mawz polisi wana kizuizi, na gari dogo hurudishwa hapo hapo. Na shemeji akumbuke kwamba huku tunaendesha kulia. Kwenye barabara kuu hatapata tabu. Hatari iko kwenye kipilefti. Magari huzunguka kinyume na kwetu, na mwenye haki ni aliyemo ndani, anayetokea kushoto kwako. Mtu aliyezoea Dar huangalia kulia, akaona peupe, akaingia. Anayekaa mbele mpe kazi ya kusema "kushoto" kila mkikaribia, angalau siku mbili za mwanzo. Barabara kuu mwisho ni 120 kwa saa, na kamera ni nyingi.

Pesa: rial moja ina baisa 1,000, na ni zaidi ya dola mbili na nusu. Ukitajiwa "tano" sokoni, uliza tano gani, kwani baisa 500 na rial 5 zina tofauti kubwa.

Maskati siku moja inatosha. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos wewe utaingia kuswali kama msikiti mwingine wowote, lakini wageni wasio Waislamu mnaosafiri nao wana saa zao, kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, na Ijumaa hawaingii. Wanawake wafunike nywele, mikono mpaka kwenye vifundo na miguu mpaka chini. Zulia la ukumbi wa wanaume lina urefu wa mita 70 na upana wa 60, na lilifumwa kwa mkono. Mchana pitieni mji mkongwe muone ngome za Jalali na Mirani walikofukuzwa Wareno mwaka 1650. Jioni nendeni soko la Mutrah.

Pale Mutrah usinunue ubani duka la kwanza. Mwambie muuzaji akutolee wa Hojari, ule bora wa Dhofar kule kusini, uushike kiganjani na kuuinua kwenye taa. Mzuri una vipande vikubwa, vyeupe vinavyoelekea kijani, mwanga unapenya, na hauna maganda ya mti. Wa rangi ya kahawia wenye vumbi ni wa bei ndogo, usilipe bei ya Hojari. Ukifika nyumbani, ngoja makaa ya chetezo yavae jivu jeupe ndipo uweke punje kama harage. Ukiweka kwenye kaa jekundu unaungua, unatoa moshi mweusi na harufu ya lami badala ya ile ya ndimu ndimu.

Alhamisi ondokeni mapema. Nizwa ni kama kilomita 150, lakini simameni Birkat al-Mawz, yaani bwawa la ndizi, na migomba yenyewe mtaiona. Hapo unapita Falaj al-Khatmeen, mojawapo ya mifereji mitano ya Oman iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Tazama mahali maji yanapogawanywa mikono mitatu sawasawa, bila pampu wala bomba, mteremko wa ardhi tu. Kisha mpande Jabal Akhdar mpaka Saiq, kama mita 2,000 juu. Januari kuna baridi ya kweli. Sweta ni lazima. Wakati wa kushuka shemeji atumie gia ndogo. Akikanyaga breki njia nzima zinapata moto na kuacha kushika.

Ijumaa muwe mnadani saa kumi na mbili na nusu. Wauzaji wanazunguka duara na mbuzi wao wakitaja bei kwa sauti, wanunuzi wamejipanga ndani na nje ya duara, na anayemtaka mbuzi anamshika mwenyewe, anampapasa mgongo, anamfungua mdomo kuangalia meno. Usisimame kwenye njia ya kuzungukia, utakanyagwa. Kufika saa tatu mambo yamekwisha. Hapo ndipo mpande ngome na mpitie soko, kwa sababu kuanzia kama saa tano maduka hufungwa kwa ajili ya swala na hayafunguliwi mpaka alasiri. Mnara ule mnene aliujenga Imamu Sultan bin Saif, huyo huyo aliyewatoa Wareno Maskati. Mwanawe ndiye aliyewatoa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, kwa hiyo ukiwa juu ya mnara ule unatazama mwanzo wa habari yetu wenyewe. Mchana nendeni ngome ya Jabrin, kama kilomita 50, mtazame dari zake zilizochorwa. Mimi naipenda kuliko ngome zote.

Sasa jangwa, na hapa unisikilize vizuri. Mchanga wa Sharqiya, upande wa mashariki, mnauingia kutokea mji wa Bidiyah. Kutoka Nizwa tengeni saa tatu, mfike kabla ya alasiri, msiendeshe usiku: ngamia hulala kwenye lami iliyobakia na joto, na taa haziwaonyeshi mapema. Kabla ya kuacha lami toeni upepo wa tairi mpaka paundi 15 hadi 18, yote manne. Tairi likilegea linatandaa na kuelea juu ya mchanga; likiwa gumu linachimba. Vilima vipandwe kwa mwendo usiokatika, moja kwa moja, na msikate kona katikati ya mteremko, maana gari hulala ubavu. Likianza kuzama, shemeji aondoe mguu hapo hapo. Wengi hukanyaga mafuta zaidi, na kila mzunguko wa tairi unaongeza shimo mpaka gari linakalia tumbo. Fukueni mchanga nyuma ya matairi, mrudi nyuma kwa njia mliyojia. Kambi nyingi hutuma mtu wa kuwaongoza mkiwaomba, muombeni. Asubuhi mchanga ni mgumu kidogo, ndiyo saa ya kutoka. Na mkifika Bidiyah jazeni upepo kabla ya barabara kuu: tairi laini likikimbizwa kwenye lami linapata moto na kupasuka.

Wazee wa Sharqiya watakukaribisha kahawa, na usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili. Anza na tende, pokea kikombe kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo. Usipokitikisa wataendelea kukumiminia.

Jumapili pumzikeni kwenye bonde la Wadi Bani Khalid, kisha Sur. Hapo nenda ukaione Fatah al-Khair, jahazi la 1951 lililowekwa nchi kavu, na karakana ambako bado wanapasua mbao za msaji. Vyombo vya Sur ndivyo vilivyoshuka kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Usiku ni ufukwe wa Ras al-Jinz, kuona kasa wakitaga. Huingii ufukweni bila muongozaji, na nafasi huwekwa kabla. Kasa wengi hupanda kati ya Mei na Septemba, kwa hiyo Januari mtaona wachache. Taa ya simu izimwe, kwa sababu kasa akiona mwanga hurudi baharini bila kutaga.

Wadi Shab: chini ya daraja kuna boti la kuwavusha, rial moja. Kutoka hapo ni dakika 45 kwa mguu juu ya mawe yaliyolainika kama sabuni, halafu mnaogelea mpaka mwanya unaopitisha kichwa tu, na ndani kuna pango lenye maporomoko ya maji. Usivae dera, likilowa linakuzonga miguuni. Vaa fulana ya mikono mirefu na suruali nyepesi, na viatu vya mpira vinavyoshika. Asiyejua kuogelea abaki kwenye bwawa la kwanza. Mvua ikinyesha milimani, hata kama juu yenu jua linawaka, msiingie. Maji yakigeuka rangi ya tope, pandeni juu papo hapo, mizigo iacheni.

Mjibu wakala kabla hajalipia hoteli ya Nizwa, maana za usiku wa Alhamisi ndizo zinazoisha mwanzo. Na niandikie mko wangapi, nijue gari moja litawatosha au la.

Wako,
Somo